Vitunguu vya Nyongeza Vimenifika Shingoni

Kwako Mwenyekiti wa Gulio,

Salamu na heshima zikufikie hapo ofisini, kwenye kile chumba chenye dirisha lisilofungika. Mimi ni fundi cherehani wa kibaraza cha bluu, njia ya kushukia gulioni. Suruali uliyoivaa siku ya uchaguzi wa kamati niliipanua kiuno mimi, na mpaka leo sijamwambia mtu niliipanua kiasi gani. Nasema hivyo ujue tu kwamba mimi ni mtu wa kutunza siri, na nisingeshika kalamu kama mambo hayajanifika shingoni.

Namshtaki muuza vitunguu anayekaa karibu na bomba la maji. Najua ni dada yako wa tumbo moja, na najua ni mjane, kama mimi nilivyo mgane. Nimeliwaza hilo nikaona kiongozi wa kweli haangalii undugu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anatoa nyongeza kupita kiasi. Mteja mwingine akinunua kopo la vitunguu huongezewa kimoja, tena kidogo, tena baada ya kubembeleza mpaka koo likauke. Mimi siombi. Nasimama tu na kikapu changu. Akishamimina kopo anaongeza vya mkono mmoja, ananitazama, halafu anaongeza vya mikono miwili. Nikimwambia basi, anasema, "Chukua bwana fundi, umekonda." Mwenyekiti, mimi napika kwa sufuria ya mtu mmoja. Kopo moja bila nyongeza lingeisha siku ya gulio inapofika, nikachukua kikapu nikaja kama watu wengine. Sasa siku inafika, vitunguu bado vimejaa ndani, na kikapu hakina sababu ya kutoka nyumbani.

2. Vitunguu vimeniharibia kazi. Jikoni hakuna nafasi, nimevijaza mpaka kwenye droo ya cherehani. Juzi bibi harusi mtarajiwa alikuja kujaribu gauni, machozi yakamtoka. Mama yake akadhani ni furaha, akamkumbatia, naye akaanza kulia. Mwishowe nami nikalia. Tukabaki watatu tunapangusana machozi kwa kitambaa cha bitana, na mimi peke yangu nikijua sababu. 

3. Nimetiwa hasara ya kununua vitu nisivyovihitaji. Mtu mzima hawezi kuzurura gulioni mikono mitupu, walinzi wako watamdhania mwizi. Kwa hiyo, ili nipate kupita pale bombani, nilinunua jembe, nami sina shamba. Gulio lililofuata nikanunua tundu la kuku, na kuku sina. Tena muuza matundu yuko upande wa pili kabisa, ilibidi nizunguke. Baadaye nikanunua kamba ya kufungia ng'ombe. Dada yangu mkubwa alipokuja kunitembelea akaiona imening'inia ukutani, akaketi polepole, akaniuliza kama siku hizi nalala vizuri.

4. Anachelewesha foleni. Kabla hajanipimia huniuliza kikohozi kimefikia wapi, kama nimekula, kama bado nashona kwenye giza wakati macho ni haya haya mawili. Watu nyuma yangu wananung'unika. Siku moja mama mwenye mtoto mgongoni alipaza sauti, "Jamani, wengine tumekuja kununua, hatukuja kuposa!" Gulio zima likaangua kicheko. Dada yako hakucheka. Aliinama akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nami nikaondoka bila chenji yangu.

Na hapo ndipo penye uchungu, Mwenyekiti. Tangu mke wangu alipotangulia, hakuna mtu nyumbani kwangu wa kuniuliza kama nimekula. Mtu akiulizwa jambo hilo mara moja kwa wiki, siku zilizobaki zinakuwa ndefu mno. Huu nao ni usumbufu, uandikwe.

5. Gulio litakufa. Vitunguu vinavyonishinda nawagawia majirani, na majirani wameacha kabisa kununua. Wakizoea vya bure, wauzaji watafunga virago, kamati itakosa ushuru, nawe utarudi kwenye kazi yako ya zamani ya kunyoa watu, ambayo, kwa heshima zote, masikio yetu bado yanaikumbuka.

Kwa hiyo naomba kamati ipige marufuku nyongeza kwa watu wanaoishi peke yao. Ikishindikana, gulio lifanyike kila siku, ili nyongeza hiyo igawanywe kidogo kidogo. Na hilo likishindikana, muuza vitunguu huyo aondolewe bombani, awekwe kwenye kibaraza changu, upande wa kivuli, ambako nitamsimamia mwenyewe asubuhi hadi jioni bila kuidai kamati ujira wowote. Nimeshafagia.

Nisalimie kamati nzima, muuza chai, walinzi, na yule muuza matundu. Mwambie nikipata kuku atakuwa wa kwanza kujua. Mama mwenye mtoto mgongoni usimsalimie.

Ni mimi, mlalamikaji mtiifu ninayenuka vitunguu,
Fundi wa Kibaraza cha Bluu

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha nifunge, fundi viatu jirani yangu akapita, akaniambia kwamba tangu ulipokalia miwani yako, barua zako zote unasomewa na dada yako. Nilitaka kuichana hii. Nimekaa nayo mpaka chai imepoa, na sikuichana.

Basi, bibie unayesoma, sauti iishie hapo. Haya yaliyobaki yasome kimya. Mwambie kaka yako fundi anamsalimia tu, hana malalamiko yoyote. Yote niliyoandika nayafuta, isipokuwa kibaraza. Siku ya gulio nitakuja na kikapu kitupu. Ukiniongezea kama kawaida yako, nitashukuru, nitakwenda zangu, na foleni haitachelewa tena kwa ajili yangu. Lakini ukinipimia kopo peke yake, bila hata kitunguu kimoja juu, nitajua unataka vitunguu viishe mapema, nami nirudi. Hapo nitamtuma dada yangu mkubwa aje kuzungumza na kaka yako. Kama mazungumzo yatafika kwenye ng'ombe, kamba ninayo.