Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nimedhalilishwa. Nameza vidonge vinne kwa siku, presha bado 190 kwa 110, kisha daktari ananiuliza kama kweli navimeza. Mimi, fundi saa mwenye duka langu! Akanisikiliza tumboni, akasema damu inavuma. Huenda mshipa wa figo umebana. Nipime nyumbani, niandike kwenye kidaftari. Ikibaki juu, nitapigwa picha, na pengine wapitishe waya pajani hadi kwenye figo. Pajani mwangu!

Jumanne, 5 Machi
Waya siutaki. Kaka wa mke wangu alikuja kututembelea wiki mbili, sasa miezi saba bado yupo. Hana linalomsumbua duniani. Nimemfunga mashine ya presha mkononi: 112 kwa 70. Nimeandika. Akadai kiti changu cha kuegemea. Jeuri iliyoje.

Ijumaa, 8 Machi
Sasa shemeji kachukua na rimoti. Naangalia mieleka nisiyoitaka, juu ya stuli, nyumbani kwangu.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari kasoma kidaftari. Kumbe hospitalini presha inapanda kwa woga tu, kasema. Kaahirisha picha, kapunguza vidonge viwili. Nimetoka kifua mbele.

Alhamisi, 14 Machi
Kichwa kiligonga tangu alfajiri, macho yakaingia ukungu. Mke wangu na shemeji wakanikimbiza hospitali. 230! Kipimo cha damu kikaonyesha figo zinachoka. Nesi akauliza namba za kidaftari ni za nani. Mke wangu akamgeukia kaka yake. Yule msaliti akajibu, bila haya, kwamba yeye aliombwa mkono tu.

Jumamosi, 16 Machi
Picha imeonyesha mshipa wa figo ya kushoto umebaki kama uzi. Waya ukapita pajani, kiputo kikaupanua, wakaacha kibomba cha wavu usijifunge tena. Ningekawia zaidi, kasema daktari, figo ingekufa. Mke wangu alilia kanishika mkono. Niliogopa, nami nikalia. Nimemwapia: udanganyifu basi.

Jumatano, 20 Machi
Nyumbani. Shemeji katimuliwa. Kidaftari kipya. Presha 150 kwa 90, nao wanataka chini ya 130, la sivyo nirudi kupimwa upya. Waya nimeupokea, figo imefunguliwa, bado wananidai namba! Haki iko wapi?
Mama mkwe amekuja kuniuguza. Kasinzia kwenye kiti changu, mkono mmoja unaning'inia.
124 kwa 78. Nimeandika.