Pijo Yangu na Dashibodi ya Namba

Jumatatu, 3 Juni 1996

Gachanja, dereva mwenzangu wa teksi, amerudi stejini na gari jipya. Si jipya kabisa, limetumika Japan, lakini hapa Thika hakuna aliyelijua kabla ya leo, kwa hivyo ni jipya. Nilisema rangi yake ni ya kawaida tu. Kisha akawasha.

Hakuna mshale hata mmoja. Pale pa spidi kuna namba. Za kijani, zinaelea kwenye kioo cheusi kama samaki wadogo bwawani. Aliposogeza gari kidogo zikapanda zenyewe: 3, 7, 12. Bila sauti. Madereva wote wa teksi tukainama dirishani. Mimi niliinama wa mwisho na kuinuka wa mwisho.

Pijo yangu 504 ina mishale mitatu. Wa spidi unatetemeka kama mkono wa mzee aliyeshika kikombe. Wa joto ulilala mwaka wa tisini na moja, haujaamka. Wa petroli tu ndio mzima, na huo hauna urembo wowote. Unasema ukweli basi.

Jioni nikamweleza mke wangu Idah. Alikuwa anachambua mboga. Akauliza kama namba hizo zinafanya gari lifike haraka. Nikamwambia hajaelewa. Akakubali kwamba hajaelewa, akaomba nimpe sufuria.

Jumanne, 4 Juni

Yule mwalimu ninayempeleka Kahawa Wendani kila Jumanne amepanda kwa Gachanja. Alinipungia mkono. Alikuwa ameketi mbele. Kwangu miaka yote ameketi nyuma, akisoma gazeti.

Nimepata wazo. Saa yangu ya mkononi ni ya namba! Nikaitoa mkanda, nikaibandika kwa gundi juu ya mshale wa spidi. Safi sana. Ukifumba macho nusu, ni Japan.

Abiria wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kuku wawili. Akauliza kwa nini tunaenda kumi na arobaini na mbili. Baada ya muda akasema imeongezeka, ni arobaini na tatu. Tulipofika arobaini na tisa alishuka kabla ya kwake, akanishauri niendeshe polepole, nina familia.

Gundi haitoki. Sasa nikiwa nje ya gari sijui saa, na nikiwa ndani sijui spidi.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili. Asubuhi nilipita sokoni nikawaambia wauza ndizi, kwa siri, kwamba zile namba za kijani zinaharibu macho. Nikawaomba wasiseme.

Wakasema. Kufikia saa sita kulikuwa na foleni kwenye gari la Gachanja, watu wanataka kujua kama ni kweli. Nyanya mmoja aliangalia kwa muda mrefu, akatangaza kwamba sasa anaona mpaka ng'ambo ya barabara. Baada yake wakaja wengine wenye shida ya macho. Wote wanne walipanda wakapelekwa nyumbani na Gachanja.

Nimekaa kwenye Pijo bila kazi mpaka saa kumi. Mvua nyepesi ikinyesha. Nilitazama matone kwenye kioo, taa za gari lake zikapita ndani ya kila tone. Kama mtu angeniuliza wakati huo ninataka nini duniani, ningesema: kijani.

Jumamosi, 8 Juni

Siku kubwa.

Kwanza habari ya Idah. Idah ni kibarua katika kiwanda cha nguo huku Eneo la Viwanda, mwaka wa sita sasa. Msimamizi wake anaitwa Mama Nelima. Huyo Mama Nelima ndiye anaandika majina ya wanaofanywa wa kudumu, na orodha itatoka Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Jumamosi kabla ya hapo anamwoza binti yake, Nelima, kanisani Kalimoni. Anatafuta gari la bibi arusi. Amesikia kuhusu Gachanja.

Idah alisema nisijiingize. Nikasema sijiingizi. Nikaendesha mpaka Ruiru kwa Fahim.

Fahim ni fundi wa umeme wa magari, ana uwanja wa vyuma vikuukuu upande wa pili wa reli. Nilikuta gari la Japan lililogongwa nyuma. Mbele zima. Dashibodi yake ya namba imekaa tu kwenye vumbi, inangoja mtu mwenye macho. Fahim hakutaka pesa. Alitaka dashibodi yangu ya zamani, yote, na mishale yake. Alisema kuna siku watu wataitafuta mishale. Nilimwonea huruma.

Alifanya kazi mpaka saa moja jioni. Akanieleza mambo mengi: kwamba gari moja na jingine hayaelewani kwa waya, kwamba waya ya petroli hakuipata, kwamba yeye anaahidi mwanga tu. Sikumsikiliza sana. Alikuwa tayari ameunganisha betri.

Themanini na nane. Kubwa, ya kijani. Na kando yake vijiti kumi vya petroli, vyote vimejaa, vimepangana kama wanafunzi siku ya gwaride.

Nilirudi Thika na ukungu. Pale darajani Ndarugu sikuona barabara, niliona tu ile namba kwenye kioo na mwangaza wake mikononi mwangu. Mikono yangu ilikuwa ya kijani. Sikusikia injini. Nilikuwa kama mtu anayebebwa usingizini kutoka kiti hadi kitanda.

Jumatatu, 10 Juni

Shida ya namba ni kwamba mchana hazionekani vizuri. Nimetumia blanketi. Mteja anaketi mbele, ninatufunika sisi wote wawili pamoja na dashibodi, halafu ninawasha. Jirani alidhani ninaumwa, akaniletea uji.

Mama Nelima alipita kumwona Idah. Nikamwomba dakika moja. Alikuwa na wasiwasi kuhusu blanketi, lakini Idah akasimama karibu, na yule mama akaingia. Alikaa humo ndani muda mrefu. Alipotoka kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimepinda na hakukirekebisha. Akauliza ile themanini na nane ni ya nini. Nikasema ni uwezo.

Nimepewa bibi arusi! Gachanja atabeba mashangazi.

Idah hakupiga makofi. Alisema tu kwamba jina lake liko mkononi mwa yule mama, na jina la yule mama liko kwenye gari langu. Nikamwambia alale bila wasiwasi. Alisema atajaribu.

Jumatano, 12 Juni

Ugunduzi. Siku tatu nimeendesha, Makongeni, mjini, Juja mara mbili, na vijiti vya petroli bado ni kumi. Havijashuka hata kimoja! Mshale ungekuwa umeshalala ubavu. Nimefikiria jambo hili kwa makini nikiwa bafuni. Jibu ni moja. Gari la namba halili petroli ovyo. Mshale ni chuma, unazunguka, unatumia nguvu. Namba ni mwanga tu. Mwanga haushibi.

Nilimweleza Gachanja, kwa upole, ajue nimempita. Amefunika dashibodi yake kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kuwekwa juu ya kochi. Anasema ni vumbi. Wivu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeosha Pijo mara mbili. Nimefunga utepe mweupe na maua.

Nililala kidogo mchana nikaota. Naendesha, lakini barabara haipo, ni uwanja mpana wa maji yaliyotulia, na namba zinaanguka kutoka juu polepole, nane, nane, nane, zinatua majini bila kuyatikisa. Idah yuko kando yangu, amevaa viatu vipya. Sikutaka kuamka.

Aliyeniamsha ni Idah. Alikuwa amerudi kazini. Aliuliza kama nimetia petroli ya kesho. Nikampeleka nikamwonyesha vijiti. Kumi. Alivitazama vile alivyomtazama yule jamaa aliyetuuzia dawa ya panya ambayo panya waliipenda.

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika kila kitu.

Saa tatu asubuhi tulitoka Makongeni. Mbele, Mama Nelima. Nyuma, Nelima na gauni lake, na Idah akilishika gauni. Gachanja nyuma yetu na mashangazi wanne. Watu wakipiga vigelegele. Nilikuwa nimeweka pazia jeusi kwenye kioo cha upande ili namba zing'ae, na ziling'aa. Gauni lote likawa kijani kidogo. Nelima alisema ni kama yuko chini ya maji. Nilikaribia kulia.

Tulipokaribia Juja, Idah akasema kuna kituo cha petroli pale. Nikaonyesha vijiti kwa kidole. Tukapita.

Tukaingia barabara ya vumbi ya kwenda Kalimoni. Mashamba ya kahawa pande zote mbili, jua limefunikwa na wingu, kila kitu laini. Injini ikakohoa mara moja. Nikasema ni barabara. Ikakohoa tena. Halafu kukawa kimya kizuri sana, Pijo ikiteleza yenyewe, ndege wanasikika, na nikafikiri hivi ndivyo gari la namba linavyotembea likishazoea.

Nelima ndiye alisema kwanza. "Uncle, hii gari imesimama?"

Nikaangalia. "Hapana. Tuko themanini na nane."

Mbuzi mmoja akatupita.

Idah akaongea polepole, kama mtu anayemwuliza mtoto ameficha wapi kisu. "Baba Mitchell, mara ya mwisho kutia petroli ilikuwa lini?"

Nilivihesabu vijiti. Kumi. Nikavihesabu tena, kuanzia juu. Mama Nelima aligeuza kichwa akanitazama. Nikamwambia Idah ilikuwa Jumapili.

Yaliyofuata aliyafanya Idah. Mimi nilisimama nimeshika ua moja lililoanguka. Alivua leso yake kiunoni akaizungushia gauni lisiguse vumbi, akamwambia Nelima atazame mbele tu na asilie kwa sababu ya poda. Akamsimamisha Gachanja. Akawashusha mashangazi wanne kwa majina yao, kwa heshima, akawapangia kivuli chini ya miti ya kahawa. Akamwingiza bibi arusi, akamwingiza mama yake, akachukua lile ua kutoka mkononi mwangu. Hata dakika tano hazikuisha.

Nilimsogelea Gachanja nimwombe radhi. Kitambaa chake cha kochi kilikuwa kimeanguka. Ile dashibodi ya namba ilikuwa nyeusi tii, imekufa. Na kando ya usukani, imefungwa kwa mpira wa tyubu, kulikuwa na geji ya petroli ya mshale. Naijua ile geji. Ina alama ya kucha yangu. Fahim alimfungia Jumanne, waya moja mpaka kwenye tangi.

Mshale ulikuwa juu ya nusu. Ulitetemeka kidogo, kama unanisalimia.

Gachanja hakucheka. Alisema tu kwamba zake zilizimika Jumanne asubuhi alipokuwa na yule mwalimu, na mwalimu akarudi kuketi nyuma. Kisha akaondoka na bibi arusi. Walifika wamechelewa kidogo tu, kwaya ikiwa bado inatafuta sauti.

Nilibaki na mashangazi. Mmoja akauliza kama anaweza kuketi ndani aone zile namba zilizosifiwa. Nikatoa blanketi kwenye buti. Waliingia wote wanne. Nilikaa nje juu ya jiwe, nikasikia wakinong'ona humo ndani kama watu walio kanisani, mpaka Gachanja aliporudi kutuchukua akiwa na mtungi wa petroli.

Jumapili, 16 Juni

Idah hajasema kitu. Amepika. Chakula kitamu. Jambo hilo linanitisha.

Jioni nilimwambia samahani. Alisema amesikia. Akaniuliza kama najua ni mara ngapi amevaa ile leso nzuri. Sikujua. Alisema ilikuwa mara ya kwanza. Nikaifua mwenyewe. Vumbi la Kalimoni ni jekundu, halitoki upesi. Niliisugua mpaka giza likaingia, na wakati huo sikufikiria namba hata kidogo. Au nilifikiria kidogo.

Jumanne, 18 Juni

Orodha ilitoka jana. Idah yumo! Wa kudumu!

Alinieleza jioni hii, akiwa amekaa, viatu amevua, miguu juu ya stuli. Mama Nelima alimwita ofisini mbele ya wengine. Akasema aliandika jina lake akiwa bado ndani ya gari la Gachanja, nyuma ya ratiba ya misa. Mtu aliyeishi na yule bwana miaka kumi na mitano bila kupiga kelele, akasema, anaweza kusimamia mashine yoyote ile kiwandani. Idah alicheka akisimulia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Krismasi. Nilimtazama tu, taa ya koroboi usoni mwake, nikaona inatosha, sihitaji mwanga mwingine.

Lakini tuseme ukweli. Kama Pijo isingesimama, Idah angeonekana wapi? Nani alisimamisha Pijo? Sitaki shukrani. Naandika tu ili ijulikane.

Leo mchana nilipita Ruiru kumdai Fahim geji yangu. Hatukufika huko kwenye geji. Amepata gari lingine la Japan, na hili linaongea. Kweli. Ukiacha mlango wazi, sauti ya mwanamke inatoka ndani ya kijisanduku, nyororo, ya mbali, kama mtu anayekuita kutoka chumba kingine ukiwa nusu usingizini. Inasema Kijapani. Nilifungua na kufunga ule mlango mara ishirini. Gachanja hajui lolote.

Fahim hataki pesa. Anataka breki yangu ya mkono tu. Nimemwambia nitampelekea kesho asubuhi. Sehemu kubwa ya Thika ni tambarare.