Muuguzi Aliyetazama Kiti

Tangazo lilisomwa kanisani, kilabuni na mnadani, asibaki mtu wa kusema hakusikia. Ofisi ya Marejeo ya Wauguzi imefunguliwa! Muuguzi aliyeacha kazi akitaka kurudi, kwanza atakaa benchi miezi mitatu amtazame muuguzi aliyepo.

Jambo zuri kabisa. Tabu ilikuwa ndogo tu: kwenye zahanati ya kina Nyangi, huko nyuma ya kijiji cha Susuni, muuguzi aliyepo hakuwepo. Alihama zamani. Basi Nyangi, aliyeomba kurudi, akawekwa benchi nje, mlango ukaachwa wazi, akatazama kiti.

Na huyu Nyangi hakuacha kazi akacheze. Mama mkwe alipooza, akamuuguza miaka mitatu, kumgeuza, kumwosha, kumlisha, mpaka alipomzika. Alipoyasema hayo, Mratibu wa Ofisi hiyo, Selestine, alimjibu kwa upole, "Mama, huo si uuguzi. Hiyo ni ndoa."

Wagonjwa walikuja, wakakaa naye, wote wakatazama kiti. Mikono ilimwasha Nyangi, lakini akimgusa mtu tu, jina linakatwa, kazi ndiyo basi tena.

Siku ya ukaguzi Selestine akafika na suti, jua linawaka. Akaona kiti kitupu, akakaa.

Mzee Mwikwabe, ambaye jipu la takoni lilimnyima kukaa wiki nzima, akaona kiti kimepata mtu. Akaingia, akafungua mkanda.

"Shikamoo, mzee," Selestine akasema.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Tumbua."

"Mimi si muuguzi!"

"Sasa hapo umekaa kufanya nini?"

"Mama Nyangi! Njoo umsaidie mzee!"

Nyangi akanyoosha shingo kule benchi. "Siruhusiwi, mheshimiwa. Na leo ndiyo nimepata wa kumtazama. Endelea, najifunza."

"Mura, unaogopa tako?" Mzee akainama zaidi. "Fanya haraka, ng'ombe wangu wataingia kwenye mahindi ya watu."

Benchi zima likahamia dirishani kujifunza. Selestine akapiga simu wilayani, mtandao hakuna. Jasho likamtoka mpaka kwenye tai.

"Nyangi, umerudi kazini! Leo hii!"

"Sema kwa sauti, na wa dirishani wasikie."

Akasema kwa sauti. Nyangi akaingia, akanawa, akavaa glavu. Selestine akanyemelea mlango.

"Unakwenda wapi, mheshimiwa? Shika beseni."

Akashika. Wanaosema ofisi ile haijawahi kushika kazi yoyote wanaionea. Siku ile ilishika beseni, na ilishika vizuri tu, ila macho ilifumba.