Umeme wa Ndege au Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata njia! Bosi Pfister wa duka la magodoro hanipi wikendi hata moja, na binti yangu Josie, miaka tisa, yuko Dayton kwa mama yake. Kutoka hapa Toledo ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Sijamwona tangu Oktoba. Sasa sikiliza: askari wa akiba huitwa kambini wikendi moja kila mwezi, na sheria inambana bosi amwachie. Dayton kuna kambi ya ndege za jeshi, nami najiandikisha huko. Kila mwezi, Jumamosi jioni, nakula na mwanangu! Pfister atanuna mpaka apasuke.

Nina miaka thelathini na minane. Dada yangu Darlene kasema nimerukwa na akili. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeonana na Sajini Tibbets, anayeandikisha watu. Kijana mpole, shingo nene. Kumbe huchagui kazi uipendayo, unachagua kati ya nafasi zilizo wazi kwenye kambi unayoitaka. Dayton ziko mbili: jikoni au umeme wa ndege. Akanipa mtihani wa majaribio. Matokeo: alama zangu zinatosha jikoni tu. Akasema hongera mzee, mafunzo yake mafupi, Septemba utakuwa Dayton unapika.

Nikampigia Josie. Alipiga kelele za furaha mpaka mama yake akamnyamazisha. Akahesabu miezi kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Leo simu kapokea Curt, baba wa kambo wa Josie. Daktari wa meno. Ana boti. Kauliza kama ni kweli nakwenda kuwa mpishi. Hakucheka, afadhali angecheka! Alisema tu, "Safi sana, Russ. Hata jeshi linahitaji mtu wa uji."

Nimelia kidogo ghalani. Magodoro yanameza sauti vizuri.

Nimeamua: umeme wa ndege. Nimeazima kitabu maktaba.

Alhamisi, 13 Machi

Mtihani wenyewe. Siku nne Darlene ameniuliza maswali huku akikaanga vitunguu, sikupata hata nusu. Leo nimebahatisha kwa macho makavu. NIMEFAULU!

Sajini kashangaa kuliko mimi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kila alipoanza habari za mafunzo nilimkatiza. Nikamwambia, kijana, mimi sikuzaliwa jana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekula kiapo. Miaka sita. Nimetia sahihi kila mahali, halafu ndipo nikasoma.

Mafunzo: karibu mwaka mzima, Texas. Wikendi yangu ya kwanza Dayton ni Mei ya mwakani. Wiki za mwanzo hata simu unanyang'anywa.

Nikarudi mbio kwa Sajini. Akasema kwa upole kwamba hilo ndilo alilokuwa akijaribu kunieleza. Je, jikoni? Nafasi kaichukua msichana kutoka mji wa Findlay, Ijumaa. Nimekaa garini saa nzima. Moyo unaniuma jamani, nisidanganye.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Josie. Alikuwa ameshalitangazia darasa zima kwamba babake atapika kambini. Akasema Curt hajui hata kukaanga yai. Akasema anachokikumbuka zaidi cha nyumbani kwetu ni chapati zangu za maji za Jumapili, zile zinazoungua pembeni, na alitaka askari wote wazionje.

Sikujua. Hakuwahi kuniambia.

Nikamweleza kwamba umeme wa ndege ni kazi kubwa zaidi. Akauliza utakuja lini. Nikasema Mei. Akashangilia. Kisha akauliza, "Mei hii, baba?"

Nikaanza kumweleza habari za Texas. Akaelewa mwenyewe. Akasema "Haya, baba," kwa sauti ya mtu mzima, akampa mama yake simu. Mama yake akakata.

Jumatano, 19 Machi

Nimetafakari vizuri na kosa nimeliona. Nilichagua kazi ndogo mno! Fundi wa umeme hujikunja tumboni mwa ndege, nani atamwona? Ndiyo maana mtoto kanyong'onyea. Nimempigia Sajini kuuliza kama kuna nafasi ya kuruka na ndege zenyewe, na kofia ya kioo usoni. Akashusha pumzi ndefu. Akasema huenda ikapatikana, ila mafunzo yanaongezeka miezi saba.

Nimemwambia aniandike.