Cherehani Yangu Haikuomba Kuingia Kwenye Albamu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Muziki,

Mimi ni mzima, ila si sana. Nimeshona nguo za watu miaka ishirini na sita bila kugombana na gazeti. Leo nakuandikia kuhusu albamu ya kwanza ya bendi ya mtoto wa dada yangu, ile uliyoisifu Jumapili mpaka ukurasa ukakuishia.

Bendi hiyo hufanyia mazoezi katika chumba cha nyuma ya duka langu, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyimbo ni tisa na hakuna unaomjua mwenzake. Wa pili kinyozi anaimba kinyumenyume. Wa tatu mchomeleaji anagonga bomba la maji kwa nyundo dakika sita nzima. Wa nne ni birika linachemka. Birika tu, Mhariri. Nilisubiri chai, wapi.

2. Wimbo wa tano hukatika ghafla katikati, kisha huanza upya, na mguu wangu kwenye pedali nao hufuata. Siku moja ya mazoezi nilikuwa napinda suruali ya mwalimu mkuu. Wimbo ulinyamaza nikiwa nimemaliza mguu wa kwanza, ulipoanza tena nikaupinda uleule. Ameivaa hivyohivyo mbele ya wazazi.

3. Katika wimbo huohuo umemsifu "mpiga ngoma wa ajabu asiyetajwa." Huyo ni mimi! Siku waliyorekodi nilikuwa nashona mapazia ya zahanati. Mkanda wa cherehani umelegea, gurudumu linagonga, na kinasa sauti chao kikabeba vyote. Hata aliyechemsha birika ametajwa kwenye jalada. Mimi niliyemlea kiongozi wao tangu hajui kufunga kamba za viatu, simo.

4. Nilimwita nikamsema. Akatazama chini, akaniambia, "Mama mdogo, tulijaribu kukutoa. Wimbo ukafa." Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mwenye hasira zake? Nililia juu ya satini ya bibi harusi, na satini haifichi machozi.

5. Kwa hiyo nimemleta fundi wa mashine, akaukaza mkanda na kumimina mafuta. Sasa cherehani haisemi neno. Jumamosi wanazindua albamu ukumbini, ngoma watajua wenyewe pa kuitoa. Nawe nakuomba uzifute sifa zako zote, nakala zirudishwe, na tujengewe ukuta wa tofali.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa aliyeipiga picha bendi. Mwambie zile kola zilizokaa vizuri nimezishona mimi.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Fundi wa mlango wa kijani

Nyongeza: Barua hii usiichape kabla ya Jumamosi. Tangu mkanda ukazwe sijashona hata kifungo, mguu unautafuta wimbo hauuoni. Leo asubuhi nimeulegeza mkanda mwenyewe. Wanakuja wanne wa bendi kuibeba cherehani mpaka jukwaani, na mapazia ya zahanati nitayamalizia hukohuko, mbele za watu. Mwalimu mkuu amekata tiketi ya mbele, anasema atakuja na suruali ileile. Ukiandika tena, jina ni Mama Mdogo, kwa herufi kubwa.