Kijapani Kilivyoniponza Kwenye Sahani ya Pilau

Leo nimejitia aibu, tena kwa Kijapani.

Najifunza kwa simu, hapa kwa hoteli ya mama, Isiolo, nikingoja wateja. Kutamka si kazi. Maneno yao mengi yanaishia na vokali kama yetu. Kuandika ndiko kunanitoa machozi. Mama huniuliza, "Rukia, hiyo lugha utaongea na nani, mbuzi?"

Leo mchana Bwana Mwangi wa ofisi ya maji akaingia na mgeni: Bi Noriko, mhandisi kutoka Japani, anayerudi Kinna kuangalia mifereji ya mashamba. Mkalimani wao ameshikwa na homa, amebaki Nairobi.

"Konnichiwa," nikamsalimu.

Uso wake wote ukafunguka. Akamwaga Kijapani kama bomba limepasuka. Nikashika "maji" na "asante", nikaitikia kwa kichwa yale mengine.

"Kumbe unajua?" Mwangi akasema. "Kesho si twende na wewe Kinna? Utalipwa kama mkalimani."

Mama akatoka jikoni, kisu mkononi, akatangazia wateja, "Huyo ni msichana wangu."

(Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza.)

Nikaleta pilau ya nyama na karoti. Bi Noriko akaonyesha vile vipande vya karoti, akauliza ni nini. Karoti kwa Kijapani ni ninjin. Mimi, kwa sauti ya mwalimu mkuu, nikamwambia, "Ningen. Oishii desu." Yaani, tamu sana.

Kijiko kikabaki hewani. "Ningen?"

"Ningen," nikathibitisha. Nikaungaunga maneno kueleza kwamba mama huenda sokoni kila asubuhi kuchagua mwenyewe, anataka mbichi tu.

Akamgeukia mama. Mama akatabasamu, na kisu chake.

Bi Noriko akatafuta picha kwa simu, akanionyesha. Karoti. "Ninjin," akasema taratibu. Akajigusa kifua. "Ningen."

Binadamu. Nimemwambia tunapika binadamu.

"Anasema nini?" Mwangi akauliza. Ikabidi niseme, na hoteli nzima ikasikia. Mzee Guyo, dereva wa lori, akasukuma sahani yake kando polepole.

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini Bi Noriko alikuwa anacheka mpaka anapangusa machozi. Kwa Kiswahili chake cha kuokota akaniambia, "Mimi, Kinna, nilisema, 'Mimi ni mganga.' Nilitaka 'mgeni'. Mzee mmoja akaniletea goti lake."

Sasa tukacheka wote, hata Mzee Guyo. Bi Noriko akala pilau yote, na karoti zote, akasema bado ananitaka: yeye atanirekebisha Kijapani, mimi nimrekebishe Kiswahili. Alhamdulillahi. Sijawahi kukosea mbele ya mtu mwema hivyo.

Kesho asubuhi tunatoka. Mama ametoa ruhusa kwa sharti moja: nitafsiri mambo ya maji, chakula nisikiguse.