Kanuni ya Tisa: Mkuki na Ngumi kwa Zamu Moja

Jumapili, 4 Julai 1976

Inatangazwa rasmi, mbele ya mke wangu Bertilla na kuku wawili waliokuwa jikoni, kwamba kuanzia leo Kanuni ya Tisa inatumika: mpiganaji, mwenye silaha au asiye nayo, anaruhusiwa, kwa zamu moja, kupiga kwa kila kiungo kilicho huru. Bertilla akasema sawa, ila nisogee, nimemzibia mlango. Hakuna pingamizi lingine.

Mchezo nimeubuni mwenyewe. Kila mtu ana mpiganaji wake wa karatasi na maharage ishirini ya uhai. Unarusha punje za mahindi zilizochomwa upande mmoja. Kila punje ikilala na weusi juu, adui anatoa haragwe moja. Mkuki ni punje nne. Kila ngumi punje mbili, kila teke mbili, kichwa moja. Mpaka jana ulichagua kimoja tu. Sasa mwenye akili anachanganya.

Jumatatu, 5 Julai

Nimemwita Nsajigwa uwanjani. Huyu ni bwana shamba wetu, mtu wa Tukuyu, amenifunga mara nne na kila mara ananipa pole. Pole yake ndiyo inayouma.

Tumewekeana hivi: mahindi ya shamba la kijiji yamevunwa, na kila mtu, hata watumishi, amepangiwa kupukuchua magunia matatu kwa mikono. Atakayeshindwa atapukuchua na ya mwenzake. Kwa baridi hii ya Julai, magunia sita ni kifo cha vidole gumba. Nsajigwa akauliza kama nina hakika, ndugu mtunza ghala. Nikamwambia aanze kununua mafuta ya mgando, ya kupaka vidole.

Jumanne, 6 Julai

Nimempa silaha mpiganaji wangu, Kimbunga. Mkuki, panga, ngao. Pamoja na ngumi mbili, mateke mawili na kichwa. Nimejumlisha punje mara tatu, nikacheka peke yangu ghalani.

Nsajigwa amepita. Mpiganaji wake anaitwa Taratibu. Hana silaha hata moja. Nikamwonea huruma, nikamshauri achukue walau rungu. Akasema asante, mikono yake ina kazi.

Jumatano, 7 Julai, Sabasaba

Baada ya hotuba tumecheza barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kasimiri. Yeye ndiye mwamuzi. Nikarusha punje zote kwa mpigo. Nsajigwa akaomba kusoma Kanuni ya Tatu.

Kanuni ya Tatu niliiandika mwaka jana, na niliiandika kama ninavyoandika mambo ya ghala: kifaa kisichokuwa mkononi mwa mtu kinahesabiwa kimepotea. Hivyo ndivyo tunavyolinda majembe ya kijiji. Nsajigwa akauliza kwa upole panga la Kimbunga liko mkono gani. Mkuki kulia, ngao kushoto. Nikasema kiunoni. Mzee Kasimiri akasema basi limepotea, na mimi ningekuwa wa kwanza kumkata mtu siku ya kazi kwa jambo hilo. Kweli, nimeshamkata Dominiko, aliyeacha jembe shambani.

Ngumi nazo zimeshika vitu, hazimo. Nikang'ang'ania mateke. Mzee akasema kanuni asiyoielewa huijaribu kwa mwili wa aliyeiandika. Nikapewa mchi mkono wa kulia na ungo wa kushoto, nikaambiwa nipige teke. Nilipiga. Nililala chali kwenye mahindi ambayo Bertilla alikuwa akiyaanika hapo uani kwa balozi. Akauliza kama nimemaliza au kuna kanuni nyingine.

Ikaamuliwa: mwenye mikono iliyojaa akipiga teke anaanguka, mwenye mikono mitupu anajishikilia, ila teke ni moja tu kwa zamu. Taratibu akarusha punje saba kila zamu, Kimbunga tano, za mkuki na kichwa. Maharage yangu yaliisha kabla chai haijapoa. Nsajigwa akanipa pole.

Alhamisi, 8 Julai

Gunia la kwanza. Vidole gumba vyote viwili vimevimba. Nsajigwa amepita kunisalimu, ameniletea mafuta ya mgando.

Jumamosi, 10 Julai

Gunia la nne. Na leo, katikati ya kupukuchua, nimeona kosa langu lilipokuwa.

Mikono! Nilitegemea mikono. Mkono unashika vitu, ukishika vitu haupigi. Nitafute kiungo ambacho hakishiki kitu, hakihitaji mizani, na kiko kingi. Nimeandika Kanuni ya Kumi papo hapo, kwenye karatasi ya ghala: mpiganaji anaruhusiwa kuchanganya mkuki na meno, na kila jino ni punje moja. Meno thelathini na mawili, na mkuki nne. Punje thelathini na sita kwa zamu moja. Taratibu hatamaliza hata kusalimia.

Nimemfuata Nsajigwa mpaka kwake. Safari hii tumewekeana ulezi: atakayeshindwa atapura wa nyumba zote mbili. Akasema ni vizuri nina moyo. Akauliza tu, kwa kuwa kanuni ni ngeni, itajaribiwaje. Mzee Kasimiri, aliyekuwa amekaa hapo, akasema kama kawaida: kesho baada ya misa, kwa mwili wa aliyeiandika, na kila jino la mwandishi litahesabiwa.

Nikamwambia ahesabu tu. Niliporudi nyumbani Bertilla akaniambia nikae mlangoni kwenye mwanga, nifungue kinywa.

Yapo kumi na tisa. Mawili yanacheza.